Musi ya Kaskazini

Kaka yangu mkubwa alirudi kutoka Ulaya kwa ajili ya arobaini ya bibi yetu akiwa amepakata beseni. Sanduku lake la nguo lilipotelea njiani, na mpaka leo hatujui lilifia uwanja gani wa ndege. Beseni halikupotea. Alilibeba mapajani, limefunikwa plastiki, kutoka nchi ya theluji huko kaskazini hadi uani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, akaliweka kivulini kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Mama alifunua plastiki, akakuta kitu cha kijani kilicholowa, laini, kinene, hakina maua wala mizizi.

"Hii nini?"

"Musi, Mama."

Kwetu musi ni moja tu, ile sifongo ya ndani ya godoro. Mama alibonyeza kwa kidole, maji yakatoka, akabonyeza tena.

"Yani Ulaya yote ile, we unaturudishia kipande ya matela? Na imekojolewa?"

Kaka akaeleza, na mtu aliyesoma sana akieleza, ni afadhali ukae. Kwa Kifaransa neno ni lilelile, lakini musi yake ilikuwa mmea. Mmea huo hunywa mvua tu, unakufa chini huku unaota juu, na ule wa chini, ukikaa ndani ya maji miaka na miaka, unageuka udongo mweusi. Udongo wenyewe tunaujua: ni kama ule unaochimbwa mabondeni huko juu kwetu, ukikauka unawaka kama makaa, na kambi za jeshi zilikuwa zikiupikia maharage. Huko kaskazini, alisema, nchi nzima imelala juu ya sifongo hiyo. Sasa dunia inapata joto, mvua zinachelewa, na yeye alitaka kujua sifongo ikikosa maji itateseka kiasi gani, na ikifika wapi haitarudi tena.

"Na ikikauka?" aliuliza Mama.

"Inashika moto. Ardhi yenyewe inaungua chini kwa chini, miezi."

Mama alifunika beseni kwa ile plastiki. Juu ya milima nyuma ya mji, mizinga ilikuwa ikikohoa, kama kawaida yake ya alasiri. "Na ni huko unaharakisha kurudi?"

Alikuwa anaharakisha kweli. Lakini kabla siku yake ya kuondoka haijafika, nchi jirani zilitufungia mipaka, ndege zikaacha kuja, na mji ukaanza kujifunza kuishi bila sukari, bila petroli, na bila kaka yangu kuondoka. Simu ilikuwa dukani kwa mzee mmoja wa Kiomani pale kwenye kona, ambaye sote tulimwita Ami. Kaka alikwenda kumpigia profesa wake. Alirudi uso umenyooka.

Neno la profesa lilikuwa hivi: nafasi yake chuoni ingesubiri mpaka theluji ya kwanza ianguke kwao. Kama hadi hapo atakuwa na ukame mmoja kamili, yaani musi imekaushwa mpaka mwisho, imepimwa, kisha imenyweshwa na kuangaliwa kama inafufuka, basi nafasi ni yake, ndege zikirudi aje. Kama hana, apewe mwingine. Huko kwao walikuwa wamejenga chumba kizima cha kutengeneza joto, na chumba kilikuwa kimeharibika. Sisi joto tulikuwa nalo bure.

"Bujumbura kiangazi hiki," kaka alisema, akisugua mikono, "ndiyo kaskazini ya kesho!"

Tulimwonea huruma. Lakini Mama alifahamu jambo moja na kulishika: jani likikauka, mtoto anarudi shule. Aliliingiza kwenye dua zake, baada ya marehemu na kabla ya amani.

Hapo ndipo mimi nilipopata kazi, ya kwanza tangu nimalize sekondari. Baada ya shule nilikuwa nimekaa. Sina neno lingine zuri zaidi. Wengine walikaa wakitafuta kazi, mimi nilikaa tu. Mji ulipowekewa amri ya kutotoka nje, watu walinung'unika. Mimi niliona serikali imechelewa kunifikia. Kabla ya vita niliitwa mvivu, vita vilipokuja nikaitwa mtu wa busara, na jirani yetu, mama mshonaji aliyeweka cherehani yake ubavuni mwa ua wetu, aliniita mwali. "Mwali, umetoka leo?" "Nimefika mlangoni." "Mashallah, ulivyo shujaa."

Kaka akasema, kwa kuwa huyu haendi popote, awe mlinzi wa beseni. Nikavuta godoro langu hadi kivuli cha ukuta, nikaanza kulinda kwa macho yaliyofumba.

Mshonaji aliuliza tunalinda nini.

"Kaka anatengeneza modeli," nikamwambia.

Akasimamisha cherehani. Ukutani kwake alikuwa amebandika modeli zake zote, za harusi, za mikono mipana, za shingo ya mraba. "Modeli ya nini?"

"Ya ukame."

Alifikiri. "Hiyo haijafika kwetu bado."

Kila asubuhi musi ilibidi ipimwe. Ikipungua uzito, ndiyo inakauka, hakuna siri zaidi ya hiyo. Kaka alikuwa amechora kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, mstari ulioteremka taratibu kama njia ya kushuka mlimani. Hiyo ndiyo ilikuwa modeli, na kila siku angeweka nukta aone kama musi inaufuata. Mizani pekee ya kuaminika ilikuwa ya Ami, ile ya sukari, ambayo haikuwa na kazi kwa kuwa sukari yenyewe ilikuwa imesahaulika. Basi kila asubuhi kaka alitoka na beseni mikononi, akapita avenue nzima, mtaa wetu wote, hadi dukani, akaliweka kwenye sahani ya mizani, Ami akisogeza mawe ya chuma na kusema "Bismillahi".

Nani asiyejua picha hiyo? Kwetu kitu kinachobebwa kila mara kwenda kupimwa kilo ni mtoto mchanga. Wanawake walianza kutoka milangoni.

"Mutoto anaendeleaje?"

"Amepungua," kaka alijibu, akitabasamu.

"Amepungua! Na we unacheka?"

"Ndivyo ninavyotaka. Nampa stresi ya maji."

Hilo neno ndilo lililotuharibia. Wakati ule kila mtu alikuwa na stresi. Kulikuwa na watu wa misaada waliopita nyumba kwa nyumba wakituuliza kama tunayo, wanatufundisha kupumua. Mtu aliyechomewa nyumba alikuwa nayo, aliyepoteza ng'ombe alikuwa nayo, na mshonaji alisema yake humshika kwenye bega. Sasa likaenea kwamba kwa wale wa uani kuna kiumbe kimeletwa kutoka mbali, hakina mama, kinakonda, kina stresi, na mwenye nacho anafurahi.

Nukta za mwanzo zilishuka vizuri juu ya mstari. Halafu zikasimama. Halafu, katikati ya kiangazi, vumbi likiwa hadi kwenye meno, zikaanza kupanda.

Kaka hakulala. Alinusa beseni, akalisogeza, akalitundika kwenye kamba, akaniuliza kama nimelala kazini, nikamjibu kwa hasira ya mtu aliyetoka kuamka. Musi ilikuwa nzito kuliko ilivyoshuka kwenye ndege. Kwa kuwa alikuwa msomi hakufikiria jibu la karibu. Alifikiria hewa. Alisema ziwa letu linatoa unyevu, na huenda musi imejifunza kunywa upepo. Na kama ni hivyo, sifongo za kaskazini zitaokoka, na yeye atakuwa mtu wa kwanza duniani kulijua hilo. Alikwenda dukani kumpigia profesa. Ami, ambaye hakuwahi kuona ubaya wa kusikiliza simu zake mwenyewe, alitusimulia: profesa alimuuliza kama anakula vizuri.

Ukweli ulikuja na wanajeshi.

Walikuwa wanapekua nyumba, avenue baada ya avenue, wakitafuta silaha. Kwetu waliingia mchana, wakapindua vitanda, wakanipindua na mimi. Kisha mmoja, kijana mrefu mwenye kibuyu cha maji kiunoni, akasimama mbele ya beseni. Lilikuwa na kipimajoto kimechomekwa katikati na waya mbili.

"Hii nini?"

"Modeli, chef," kaka alisema, kwa cheo tulichompa kila mwenye bunduki.

"Modeli ya nini?"

"Ya ukame wa kaskazini."

Siku zile neno kaskazini halikusemwa ovyo: mitaa ya kaskazini mwa mji, kama Kinama, ndiko jeshi lilikowatafuta waasi.

"Kaskazini wapi?" mwanajeshi alisema polepole. "Kinama?"

"Apana, chef! Kaskazini kabisa! Kwenye theluji!"

Mama akaingilia kati, kwa kuwa aliona mwanawe anazidi kuzama. "Chef, ni mutoto wa majani tu, ametoka Ulaya. Anamunyima maji, aone kama atakufa."

Kijana yule alimtazama kaka kwa uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu mwenye bunduki. Kwao, alisema, huko milimani, hata mwizi akipita akiomba maji anapewa kwanza, halafu ndiyo anapigwa. Akafungua kibuyu chake, akainama, akamimina.

"Apanaaa!" kaka alipiga ukelele, akajitupa juu ya beseni.

"Kwa nini? Si ana kiu?"

"Mwache akunywe, mwanangu," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Hata mi nilimupa asubuhi."

Kaka aligeuka akiwa bado kifudifudi. "Mama?"

"Kidogo tu. Kikombe ya chai."

Mshonaji akakohoa juu ya ukuta. "Mi nampa jioni. Na mchana, nikiona mwali amelala."

"Mi sijalala..."

"Ulikuwa unaota ukisema, bwana wee."

Na Ami, aliyekuwa amekuja kuona kama mteja wa mizani yake amekamatwa, akatazama vidole vyake. "Wallahi, ni maji ya udhu tu. Pale dukani, ukigeuka kuandika uzito. Nilisema itaingia katika sadaka."

Wanajeshi waliondoka bila kumaliza kupekua. Nadhani waliona nyumba hii haina haja ya silaha.

Kaka alikaa chini akicheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, na huko kwao theluji haingoji mtu. Mama alimkalia karibu. Alimwambia aliomba kila siku jani likauke ili arudi masomoni, kisha akimaliza kuomba anasikia kiu yeye mwenyewe, anainuka kunywa, na angepitaje na kikombe mbele ya mgeni wa nyumba? "Dua ni yangu," alisema, "lakini mukono una adabu yake." Tukaapa wote, Ami kwa Mungu, mshonaji kwa cherehani, kwamba hakuna tone.

Kaka akafuta ukuta, akaanza upya. Na hapo, kama vile kuna mtu alikuwa anatusikiliza, nguzo za umeme zililazwa chini huko milimani, mashine za kusukuma maji zikanyamaza, na mabomba ya maji, robine za mji mzima, yakatoa pumzi moja ndefu na kufa.

Ni jambo la ajabu kuona kiu mahali ambapo ukipanda juu ya kiti unaona ziwa kubwa kama lile. Liko pale, linameremeta, linakutazama. Lakini njia za kwenda ufukweni zilikuwa na habari zake, na maji yake yalikuwa yameanza kuharisha watu. Tulisikia Mutanga Nord, kwa wakubwa, kuna robine bado inadondosha. Nilitumwa na bidon, dumu letu la maji. Mimi! Hiyo ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote za vita, na mshonaji alinisindikiza hadi mwisho wa avenue akipiga vigelegele kama naolewa. Nilirudi na maji ya kufika magotini mwa bidon, na malengelenge.

Na musi ikakauka. Hatukuwa na cha kuipa hata kama tungetaka. Nukta zilifuata mstari kama vipofu walioshikana mabega. Kutoka kijani ikawa njano, kutoka njano ikaenda nyeupe, nyeupe ya karatasi, ikawa nyepesi mpaka Ami alilazimika kutumia mawe madogo ya kupimia viungo. Kaka alikuwa mtu mwenye furaha anayeficha furaha yake kwenye nyumba yenye njaa. Alikuwa akiweka nukta mgongo umeugeuza.

Lakini avenue ina macho. Walikuja mchana, wanaume kwa wanawake, midomo imepasuka, mshonaji mbele na mita yake shingoni.

"Mwanafunzi," alisema, "mi nakuheshimu. Lakini niambie. Mi nikikata modeli, nini inafuata?"

"Nguo," kaka alisema.

"Nguo. Haiwezi kukosa. Sasa we umekata modeli ya ukame. Umeichora kwa ukuta, tumeiona, inashuka hivi. Tulikuwa na maji sisi. Unafuta, unachora tena, na siku ileile robine zinakufa. Unataka tufikiri nini?"

"Modeli haileti kitu, mama. Inaonyesha tu kitakachokuja."

"Si ndiyo nasema! Na nguo si inakuja?"

Umati ukaguna. Sijawahi kusikia mtu akishindwa hoja vizuri namna ile. Hata mimi, niliyesoma fizikia ya sekondari, nilijikuta nimekwenda upande wa mshonaji. Wanawake wawili walikuwa na vikombe mkononi, maji ya mwisho ya nyumba zao, wamekuja kunywesha musi ili robine zifunguke. Kaka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bado uzito unapungua, kidogo sana, lakini unapungua, na ukame usiofika mwisho si ukame. Kuanza tena hakukuwa na wakati.

Basi Mama akainuka. Yeye, aliyekuwa wa kwanza kuiba kikombe, alisimama katika mlango wa jikoni, ambamo beseni sasa lilihifadhiwa, akapanua kanga pande zote mbili, mlango ukajaa.

"Hakuna mutu atanywesha kitu hapa," alisema. "Mi pia nina kiu. Mutoto wangu hajamaliza. Akimaliza, mutakuja wote, mutamupa wenyewe kwa mikono yenu. Kwanza amalize."

Mshonaji alimtazama. "Na akimaliza, modeli inafutwa?"

"Nitaifuta mi mwenyewe."

Wakarudi na vikombe vyao, wamevifunika kwa kiganja.

Ikafika asubuhi ambayo Ami alisema, "Kama jana," na nyingine, "Kama jana," na kaka akasema imefika. Wakaitwa. Kila mmoja alileta alichonacho, wengine kijiko, mwingine kisoda cha chupa. Walimimina kwa zamu wakisema bismillahi na yampayinka ya Kirundi na kila walichojua, na musi ikanywa kwa sauti, chrii, kama mafuta ya moto, ikavimba mbele ya macho yetu. Watu walipiga makofi. Kaka alisema kunywa si kuishi, hata kitambaa kinakunywa, tusubiri. Hakuna aliyemsikiliza. Mama alikuwa tayari na tambara, anafuta ukuta.

Robine zilirudi baadaye, zikitema kutu. Mshonaji alinitazama tu, akarudi kwenye mikono mipana yake.

Ni mimi niliyeiona. Ukilala karibu na kitu mchana kutwa, unakijua. Katikati ya weupe wote ule kulikuwa na kichwa kimoja cha kijani, kidogo kama ncha ya sindano, na siku zilizofuata kikapata wenzake. Si wengi. Sehemu kubwa ilibaki nyeupe, na kaka alisema hilo ndilo jibu lenyewe: inarudi, lakini hairudi yote. Alilitamka kwa simu dukani, theluji ikiwa bado haijaanguka kwao, na Ami akatuambia kwamba profesa safari hii hakuuliza habari za chakula.

Ndege ya kwanza iliyokuja, kaka aliondoka nayo. Alikata musi katikati, nusu kwenye kopo, nusu akamwachia Mama. Wanawake waliosimama milangoni walimuuliza kama mutoto amepona.

Na mtu angedhani yameishia hapo. Lakini kila alipopiga simu dukani, baada ya salamu, kaka aliuliza uzito wa ile nusu, na Mama akapenda kuulizwa. Kiangazi kilichofuata ile nusu ilikufa, na maji ilikuwa nayo tele. Ilikufa kwa joto tu, au kwa ukiwa. Mama hakuweza kumwambia mtu aliye peke yake kwenye theluji kwamba mgeni amefia mikononi mwake. Akachukua mkasi wa mshonaji, akaja kwenye godoro langu, pale ambapo kiuno changu kilikuwa kimeshatengeneza bonde, akakata kipande. Mshonaji alitoa rangi ya kijani. Ikawekwa kwenye beseni, ikaloweshwa, ikapelekwa kupimwa, na Ami, mtu wa swala tano, akasoma mawe.

Kaka akapiga. Tulijikusanya sote dukani.

"Uzito?"

"Ileile," Mama alisema.

"Na mara iliyopita?"

"Ileile."

"Rangi?"

"Kijani kabisa, baba. Sijaona kijani kama hii."

Unasikia upepo wa huko. "Mama, inanuka nini?"

Mama anaweza kuficha neno, lakini uongo wa uso kwa uso hauwezi, hata kwa simu. Akanitazama. "Inanuka ndugu yako," alisema.

Kutoka kaskazini kukaja kicheko kirefu hata Ami akaweka mkono kwenye mashine, akihofia itapasuka. Mama alingoja kiishe.

"Bon," alisema kwa heshima yake yote. "Si uliniambia mwenyewe? Musi ni musi."

Godoro sijalibadilisha. Nikilala chali, upande wa kushoto wa kiuno unaingia kwenye shimo lile, umekaa vizuri kabisa.